Baiskeli ya safari ndefu kwa bei nafuu: Nini cha kukagua kabla ya kununua Mbarara

Mwezi Septemba mwaka 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Aliyemtazama Tadej Pogačar wa Slovenia akiipanda milima ya mji huo na kutwaa ubingwa wa wanaume, kisha akatamani baiskeli nyembamba yenye usukani uliopinda chini, hana la kulaumiwa. Tatizo huanza anapoingia sokoni na akiba yake, kwa sababu baiskeli iliyofaa Kigali haiwezi kumfikisha Nakivale bila matatizo.

Kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hadi Mbarara ni takriban kilomita 60, kutegemea kama unaanzia Base Camp, Juru au Rubondo. Sehemu ya njia ni moramu: vumbi wakati wa kiangazi, utelezi na mifereji wakati wa mvua. Baadaye unaikuta lami ya barabara inayotoka Mbarara kupitia Isingiro hadi Kikagati, kwenye mpaka wa Tanzania, ambako malori ya matoke hayampi nafasi kubwa mwendesha baiskeli. Zaidi ya hayo, kuna mwinuko. Maji ya Mto Rwizi hupita Mbarara na kuteremkia kwenye bonde la maziwa ya Mburo na Nakivale. Kwa hiyo anayekwenda mjini huanza safari yake chini na kuimaliza juu.

Hata jina la chombo chenyewe lina mitego. Mkongomani na Mrundi wataelewana wakisema kinga au ikinga. Mnyankole wa Mbarara ataiita egaari, na msemaji wa Kiswahili anayesikia neno hilo kwa mara ya kwanza atageuka kutafuta motokaa. Sokoni, basi, onyesha kwa kidole kabla ya kutaja bei.

Katika soko la Uganda, anayetafuta baiskeli ya kutembelea hukutana na aina kuu tatu. Ya kwanza ni ile nzito ya chuma, kama Roadmaster, Hero au Phoenix, ambayo huwa na uzito wa takriban kilo 20 na gia moja tu. Hiyo imesomesha watoto na kubeba maji na matoke kwa miongo mingi, wala hapa haidharauliwi. Lakini kuiendesha kilomita 120 kwa siku, kwenda na kurudi, ni kazi na si burudani. Ya pili ni baiskeli ya mbio ya mtumba kutoka Ulaya au Japani, ambayo ikiwa ya chuma huwa na kilo 10 hadi 12. Ya tatu ni baiskeli ya milimani ya mtumba, yenye magurudumu ya inchi 26.

Wengi huikimbilia ya pili. Kabla ya kufanya hivyo, tazama pengo lililoko kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na uma wa mbele. Baiskeli nyingi za mbio zimebana kiasi kwamba haziwezi kuvaa tairi pana kuliko milimita 25 au 28. Kwenye lami hiyo inatosha. Kwenye moramu yenye mawe, tairi ya namna hiyo hupigwa hadi rimu ikagusa jiwe, na tyubu hutoboka mara mbili kwa pamoja, matundu yakiwa sambamba. Kwa anayeishi Nakivale, tafuta fremu inayokubali tairi ya milimita 32 au zaidi. Ukiikosa, chukua ya milimani isiyo na springi mbele, uivue tairi zake za meno makubwa na kuivisha tairi laini za inchi moja na nusu. Haitapendeza sana machoni pa wanaojua mbio, lakini itafika. Anayeishi Mbarara mjini na kuendesha kwenye lami pekee anaweza kuchagua kwa uhuru zaidi.

Jambo la tairi lina hatari nyingine ambayo huonekana baada ya fedha kutoka. Dukani, tairi huombwa kwa jina: “ishirini na nane.” Jina hilo hutumika kwa vitu viwili tofauti. Ubavuni mwa tairi, pembeni ya jina la kibiashara, zimechapwa namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635 au 32-622. Ya kwanza ni upana wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu, zote kwa milimita. Baiskeli nzito za chuma za inchi 28 hutumia 635. Baiskeli za mbio za kisasa hutumia 622. Tofauti ni milimita 13, na hakuna fundi awezaye kuiondoa kwa nguvu za mikono. Baadhi ya baiskeli za mbio za zamani zina namba 630, inayoitwa “ishirini na saba”, ambayo haiingiliani na yoyote kati ya hizo mbili. Hata inchi 26 ina zaidi ya aina moja: ya milimani ni 559, ilhali baadhi ya baiskeli za mjini ni 590.

Kwa hiyo, soma namba ya pili, iandike, kisha zunguka madukani kuuliza kama tairi na tyubu zake zinapatikana, kabla ya kulipa. Baiskeli nzuri isiyo na tairi Mbarara itageuka pambo la ukutani.

Kipimo cha mwili ndicho kinachofuata. Baiskeli isiyolingana na mwili huumiza magoti, mgongo na viganja, na maumivu hayo hujitokeza baada ya saa moja au mbili, si katika mzunguko mfupi mbele ya duka. Simama bila viatu ukiegemea ukuta, weka kitabu katikati ya mapaja hadi kikubane, upime kutoka ukingo wake wa juu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.67. Mwenye sentimita 80 atapata kama 54, nacho ndicho kimo cha fremu ya mbio kinachomfaa kwa kukadiria. Kiti kinaweza kuinuliwa au kushushwa, lakini fremu iliyo kubwa mno haipunguzwi.

Kuhusu gia, hesabu meno. Baiskeli ya mbio ya zamani yenye meno 42 kwenye gia ndogo ya mbele na 24 kwenye kubwa ya nyuma husonga karibu mita 3.7 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwenye mlima mrefu miguu itasimama. Yenye meno 30 mbele na 28 nyuma husonga kama mita 2.2 tu. Utapanda polepole, lakini utapanda ukiwa umekaa.

Kisha kagua uchakavu. Chukua rula na upime viungo 24 vya cheni, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini: cheni mpya huwa na sentimita 30.5. Ikifika 30.8 imechoka, na huenda imekwishakula meno ya gia. Pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu panaposuguliwa na breki. Kama pamebonyea kama kijiko, rimu imekwisha. Rimu za chuma huteleza vibaya zikilowa, hivyo chagua za alumini, maana barabara ya Isingiro ina miteremko. Jaribu kuisogeza nguzo ya kiti. Iliyoganda kwa kutu inaweza isitoke kamwe. Tazama rangi chini ya shingo ya fremu: mkunjo au ufa mahali hapo ni dalili ya ajali. Fremu ya chuma ikivunjika, mchomeleaji wa kawaida anaweza kuiunga. Ya alumini inahitaji mtambo na ujuzi maalumu, na ya kaboni huficha ufa wake hadi siku ya kukatika.

Usilipe akiba yote kwa muuzaji. Katika kila shilingi 300,000, weka kando 100,000 kwa tairi, cheni, nyaya na mipira ya breki, pampu, viraka, taa na kofia ngumu. Ushauri huu una uzito zaidi kwa familia za wakimbizi ambazo zimeshuhudia msaada wa chakula ukipunguzwa kutokana na uhaba wa fedha. Baiskeli iliyonunuliwa kwa shilingi ya mwisho hubaki imeegeshwa pancha ya kwanza inapotokea.

Nakili namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya krenki, na uiandike katika hati ya mauziano yenye majina na sahihi za pande zote mbili. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1 husaidia iwapo baadaye mtu atadai kwamba baiskeli iliibwa. Namba ikiwa imefutwa kwa msasa, ondoka.

Safari ya kwanza isiwe ya kwenda na kurudi. Jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima katika ukanda huu, na giza huingia upesi. Ondoka alfajiri na kitambulisho chako, zunguka kilomita 20 karibu na nyumbani, kisha kaza upya boliti zote, hasa za krenki na usukani. Ukisikia mlio unaorudi kwa kila mzunguko wa pedeli, geuza na umrudishie fundi mapema, kabla hujazoea kuusikia.