Metali za Krenki: Kamati Iulize Nini Kabla ya Kulipia Ovaholi?

Kamati zetu huletewa makadirio ya ovaholi yenye neno "metali". Metali ni vipande vyembamba vya nusu duara vinavyobeba krenki. Kati yake na krenki hupita utando wa oili. Utando huo ukikatika, injini hugonga na fedha zilizochangwa hupotea.

Tunashauri kwanza kuomba kuona metali za zamani. Mikwaruzo huonyesha kuwa uchafu uliingia kwenye oili. Rangi ya shaba ikijitokeza, tabaka la juu limelika. Zikilika upande mmoja tu, huenda koni rodi imepinda. Chanzo kisipoondolewa, metali mpya nazo zitakufa.

Pili, fundi apime krenki kwa maikromita. Ikiwa imelika au imepoteza uduara, huchongwa na kufungiwa metali nene zaidi, kwa kawaida saizi 0.25 au 0.50 mm. Kwa hiyo metali zisinunuliwe kabla ya vipimo.

Tatu, wakati wa kufunga, migongo ya metali iwe safi na mikavu, na kila kofia irudi mahali pake. Nafasi ya oili hupimwa kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya metali na krenki bila kuizungusha. Kisha uzi huondolewa, metali hupakwa oili, na bolti hukazwa kwa kipimo cha kitabu cha injini.

Vipimo vyote viandikwe na kuambatanishwa na stakabadhi. Hapo kamati itaweza kumweleza kila mchangiaji kilichofanyika.