Siku Moja Marangu: Maporomoko, Msitu na Barafu ya Kibo

WAKAZI wa Sofu na mitaa mingine ya Kibaha huyaona kila Desemba mabasi ya Moshi yakipita katika barabara ya Morogoro, yamejaa watu wanaokwenda kwao kula sikukuu. Sisi tusio na kwetu huko hubaki kuyatazama, kana kwamba mlima ule ni mali ya wenyeji wake na ya wageni kutoka Ulaya wenye viatu vizito. Ndiyo maana wengi wetu tunaujua Kilimanjaro kwa picha za kalenda tu. Kumbe familia ya mfanyakazi iliyojiwekea akiba kidogo kidogo yaweza kuutembelea pasipo nia ya kufika kileleni. Siku moja ya matembezi pamoja na kiongozi, upande wa Marangu, yatosha.

Siku moja ya mlima, lakini njia nayo inadai siku zake. Kutoka Kibaha basi hupita Chalinze, Segera, Korogwe na Same. Msafiri wa Marangu hana haja ya kufika Moshi mjini; hushuka Himo, akapanda gari dogo hadi Marangu Mtoni, akalala huko. Asubuhi adamke mapema, kwani Kibo ana tabia ya kujifunika mawingu kabla ya adhuhuri.

Karibu na Marangu Mtoni yapo maporomoko ya Kinukamori. Wenyeji husimulia kwamba zamani binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alikwenda kujitupa hapo kwa kuogopa adhabu. Alipotazama chini moyo ulimgeuka, akaazimu kurudi nyumbani. Alipogeuka nyuma, macho yake yakakutana na chui. Mzazi mwenye mabinti ataamua mwenyewe namna ya kuisimulia hadithi hiyo njiani.

Katika vihamba, chini ya migomba na mikahawa, mgeni huonyeshwa mifongo. Hii ni mifereji iliyochimbwa na wazee wa Kichagga kuyatoa maji mitoni na kuyatembeza mlimani hadi shamba la kila mtu, kwa zamu na kwa makubaliano. Yeyote aliyewahi kuingoja zamu yake bombani, ndoo mkononi, ataithamini kazi hiyo kuliko mtalii.

Lango la Hifadhi liko juu zaidi, kupita meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Mwananchi hutozwa ada ndogo kuliko mgeni. Kutoka langoni hadi vibanda vya Mandara ni mwendo wa saa tatu au nne msituni, na kiongozi hatachoka kusema "polepole". Mbega huruka juu ya miti yenye ndevu za kijani, na baridi huingia hata mchana. Sweta na koti la mvua ni lazima. Watoto wadogo na waishie maporomokoni.

Robo saa hivi kutoka Mandara iko kasoko ya Maundi, shimo la volkano iliyozimika. Mawingu yakikubali, ukingoni mwake huonekana Kibo na Mawenzi, na chini mbuga za kuelekea Taveta, Kenya. Hapo mtoto wa shule huelewa kwamba mlima huu ulijengwa kwa moto. Shira na Mawenzi zimekwisha kufa, ila Kibo imelala tu, na kasokoni mwake hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti.

BARAFU INAYOKWISHA

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, na baadhi ya wataalamu wa London wakamkatalia. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Hali ya hewa imebadilika, theluji mpya ni haba, na jua kali la huko juu huigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja, bila hata kuwa maji kwanza.

Hapo ndipo wengi tunapopotoka, tukidhani kwamba Kinukamori ni barafu iliyoyeyuka. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya mlima huu hutokana na mvua na ukungu wa msitu. Mito ya upande wa Marangu huteremkia mto uitwao Ruvu, jina moja na mto wetu wa Pwani, ukaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani na mitambo ya umeme ya Hale. Barafu ikitoweka tutapoteza uzuri usio na mfano. Msitu ukitoweka tutapoteza maji yenyewe.

Nao msitu una maadui. Oktoba 2020 moto uliteketeza sehemu kubwa ya uoto wa juu. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ilikuwa imepanuliwa ili kuuhifadhi msitu, jambo jema. Lakini akina mama wa vijijini walizoea kutafuta humo kuni na majani ya ng'ombe, nao wanapika kila siku. Kwa maoni yangu, ulinzi usioyakumbuka mafiga yao hautadumu. Wala sisi wa Kibaha tusiwanyoshee kidole. Ruvu yetu, inayosafishwa Mlandizi na kuletwa mabombani, huanzia katika misitu ya Uluguru, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe imeliwa sana na mkaa wa jikoni mwetu.

Kushuka ni kwepesi kuliko kupanda, ingawa magoti ya watu wazima hulalamika. Jioni, Marangu Mtoni, bakuli la mtori wa moto huwarudishia watu nguvu. Atakayepanda basi kesho yake awahi Himo alfajiri, kwani siku za sikukuu viti hugombewa.