MLANGO, OFISI, REJISTA NA TABLO
Namna tulivyojenga kiunzi kidogo cha webu



Wengi wametuuliza: "Ninyi watu wa ordinateri, munafanya nini mule ndani kila siku ya posho?" Leo tunajibu. Tunajenga kiunzi, ni kusema mifupa ya programu ya webu. Programu yenyewe ni ya kuhesabu na kuonyesha pointi za wanafunzi. Hata hapa Kibua kazi hii haiombi intaneti. Ordinateri moja inakuwa seva, na zingine zinaisoma kwa wifi ndani ya chumba kile kile, kama betri ya sola iko na nguvu.

Kwanza tuungame kosa letu. Programu yetu ya mbele tuliiandika yote pamoja, mchele na mchanga ndani ya sufuria moja. Ilikuwa na kurasa mbili: moja ya mwanafunzi, moja ya darasa lote, na kila ukurasa ulifanya hesabu yake wenyewe. Siku moja tukaona kama tumesahau kujumlisha pointi 40 za mtihani mmoja. Tukasahihisha ukurasa wa mwanafunzi. Ule wa darasa tukausahau.

Basi, dada yetu mmoja alikuwa na pointi 228 juu ya 400, ni kusema 57 kwa mia. Kwenye orodha ya darasa akaonekana na 188, ni kusema 47 kwa mia. Chini ya nusu! Alikuja kwetu na machozi, karatasi mbili mkononi. Prefe akaziangalia, akaweka kalamu chini, akatuuliza: "Watoto, ya kweli ni ipi?" Tukanyamaza. Heri orodha ile ilikuwa ya kujaribu tu, haijatiwa sahihi. Lakini tulielewa: jambo moja lisihesabiwe pahali pawili.

Dawa ya ugonjwa huu si mpya. Iligunduliwa mwaka 1979, miaka kumi mbele ya Tim Berners-Lee kupendekeza webu. Trygve Reenskaug, mtu wa Norway, alikuwa mgeni katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, Marekani. Akagawanya programu kwa sehemu tatu: Modeli, Onyesho na Kontrolere. Sisi tunaongeza mlango mbele yake. Tuzifuate moja moja, kama vile mzazi anayekuja shuleni kuuliza habari ya mtoto wake.

1. Mlango. Mzazi hapiti kwa dirisha. Maombi yote yanaingia kwa faili moja tu, index.php. Tunatumia PHP kwa sababu tangu toleo 5.4 la mwaka 2012 iko na seva ndogo ndani yake. Tunaandika hivi:

php -S 0.0.0.0:8000 index.php

Mlango unasoma anwani iliyoombwa, unaikata pale penye mikwaju, na unatazama katika orodha yake. Kwa mfano /mwanafunzi/12 inakwenda kwa kontrolere ya mwanafunzi, pamoja na namba 12. Anwani isiyokuwa katika orodha inapata jibu 404: haipatikani.

2. Kontrolere. Huyu ni sekretero wa ofisi. Anapokea namba 12, anaomba Modeli habari za mwanafunzi huyo, kiisha anazipeleka kwa Onyesho. Yeye hahesabu pointi, wala hapambi ukurasa. Kama kontrolere yenu imekuwa ndefu sana, jueni kwamba sekretero ameanza kufanya kazi ya wengine.

3. Modeli. Hii ni rejista pamoja na mwenye kuitunza. Ni yeye peke yake anayefungua hifadhi ya data (sisi tunatumia SQLite, ambayo yote inakaa ndani ya faili moja), na ni yeye peke yake anayejua kanuni ya hesabu: jumla ya pointi, gawanya kwa pointi za juu kabisa, mara 100. Angalisho moja kubwa: kile mtu anachoandika kisibandikwe moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhi. Mjanja anaweza kuandika amri pahali pa jina, na akafuta rejista yote! Amri itayarishwe kwanza na alama ya kuuliza pahali pa namba. Namba yenyewe ifuate nyuma.

4. Onyesho. Hii ni tablo ya matangazo. Ni ukurasa wa HTML wenye nafasi wazi: hapa jina, hapa pointi, hapa kwa mia. Kila neno lipite kwanza katika htmlspecialchars, ili alama kama < isomwe kama herufi tu, isigeuke kuwa amri katika navigateri ya msomaji.

Ni hayo tu. Mlango wetu hauzidi mistari 40. Tulipomaliza, tukaweka kanuni ya hesabu pahali pamoja, ndani ya Modeli, tukafungua kurasa zote mbili. Dada yetu: 57 huku, 57 kule. Alicheka, na sisi tukapumua.

Mtu atasema, hii ni michezo ya watoto. Hapana. Mwanzo wa 2008, nyuma ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, programu ya kukusanya habari za fujo na kuzionyesha juu ya karta. Katika Novemba ya mwaka ule ule ilitumiwa pia kwa habari za vita ya huku kwetu, mashariki ya Kongo. Matoleo yaliyofuata yalisimama juu ya Kohana, kiunzi cha PHP chenye mgawanyo huu huu. Habari moja iliweza kuonekana kwenye karta na kwenye orodha, nayo imeandikwa mara moja tu.

Hata hivyo tusijivune. Kiunzi chetu hakina bado neno la siri, kwa hiyo pointi zinaingizwa ofisini tu, na rejista ya karatasi inabaki ndiyo ya kweli. Kwa kazi kubwa ni heri kutumia viunzi vilivyopimwa na watu wengi, kama Symfony, iliyotoka Ufaransa mwaka 2005, au Laravel ya mwaka 2011. Lakini aliyejenga kidogo kwa mikono yake anaelewa kile kikubwa kinafanya nini.

Zoezi: chukueni daftari, muchore njia ya ombi /darasa/3 tangu mlango hata tablo. Kila hatua, andikeni nani anafanya nini. Mutuletee siku ya posho, tutasahihisha pamoja.