Rafadha Kwanza, Sindano Baadaye: Kuipatanisha Injini Ndogo na Boti ya Hewa

Boti ya hewa ni chombo chenye tumbo bapa kisichokuwa na kitu chochote kinachozunguka chini ya maji, kwa kuwa injini yake hukaa juu ya nguzo upande wa tezi, yaani nyuma, na rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi, hukisukuma chombo mbele kwa kuirusha hewa nyuma. Mwaka 1905, huko Nova Scotia nchini Kanada, timu ya Alexander Graham Bell iliunda chombo cha namna hii kilichopewa jina la Ugly Duckling, na lengo lake halikuwa kusafirisha watu bali kujaribia injini na rafadha zilizokusudiwa kwa ndege. Baadaye boti za hewa zilienea katika vinamasi vya Everglades, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ambako maji ni ya kina kifupi na majani ni mengi kiasi kwamba rafadha ya majini haiwezi kupita. Anayeunda boti ya hewa ya mfano, yenye urefu wa mkono mmoja hivi, hukabiliwa na kazi ile ile ya mwaka 1905, yaani kuzipatanisha injini na rafadha hadi ziwe kitu kimoja, na makala haya yanashikilia kwamba kazi hiyo ina mpangilio wake: rafadha huchaguliwa kwanza, na sindano ya mafuta hurekebishwa baadaye.

Sababu ya mpangilio huo imo ndani ya injini yenyewe. Injini ndogo zinazofungwa kwenye boti za mfano kama hizi huitwa injini za plagi ya joto, na zilipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1940, Mmarekani Ray Arden alipoingiza sokoni plagi isiyotoa cheche, yenye waya mwembamba wa madini ya platini uliosokotwa mfano wa springi. Wakati wa kuwasha, betri ya volti 1.5 huupasha waya huo hadi uwe mwekundu, lakini injini ikishaanza kuzunguka betri huondolewa, kwa maana platini ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali bila chenyewe kutumika, na mvuke wa methanoli, ambayo ndiyo mafuta ya injini hizi, unapougusa waya huo huendelea kuufanya uwake. Hakuna mfumo wa umeme unaoamua ni lini hasa mwako uanze. Wakati wa mwako hupangwa na joto la waya, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, mchanganyiko wa mafuta na hewa, na mzigo ambao injini imebebeshwa. Mzigo huo ni rafadha. Kwa hiyo anayebadilisha rafadha hubadilisha pia wakati wa mwako, hata kama hakuigusa injini, na marekebisho yote ya sindano aliyoyafanya kabla ya hapo huwa yamepoteza maana.

Rafadha hutambulishwa kwa namba mbili zinazopimwa kwa inchi. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mabapa yake, na ya pili ni hatua, yaani umbali ambao rafadha ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama hewa isingeteleza. Rafadha iliyoandikwa 6x3, kwa mfano, ina kipenyo cha inchi 6 na hatua ya inchi 3, na ni ya kawaida kwa injini zenye ukubwa wa inchi za ujazo 0.049, sawa na sentimita za ujazo 0.8, ambazo kampuni ya Cox ya Santa Ana, California, ilizitengeneza kwa wingi sana. Babe Bee, mojawapo ya zile zilizopendwa zaidi, ilianza kuuzwa mwaka 1956. Rafadha hiyo ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, hatua yake ya inchi 3, ambayo ni milimita 76, huipa mwendo wa nadharia wa takribani kilomita 55 kwa saa. Boti ndogo ya hewa, inayolazimika kuyasukuma maji pembeni na kurukaruka juu ya viwimbi, haifiki karibu na mwendo huo, na hapo ndipo tabia njema ya ndege inapogeuka kuwa kosa kwa boti. Hatua kubwa huifaa ndege inayokwenda kasi, lakini juu ya boti inayojikokota mabapa yenye hatua kubwa huikata hewa kwa pembe kali mno, na sehemu ya nguvu ya injini huishia katika kuivuruga hewa badala ya kuirusha nyuma. Boti huhitaji kipenyo kikubwa na hatua ndogo.

Kuongeza kipenyo, hata hivyo, hakuna budi kufanywe kwa hesabu, kwa sababu nguvu inayoliwa na rafadha hukua kwa kadiri ya kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tano. Rafadha ya inchi 6 ikizungushwa kwa kasi ile ile ya rafadha ya inchi 5 yenye umbo sawia hudai nguvu karibu mara mbili na nusu. Injini haina nguvu hiyo ya ziada, basi hupunguza mizunguko. Na kwa nadharia, kama ingeweza kuitoa nguvu yake yote bila kujali mizunguko, mizunguko ingeshuka kwa takribani robo, ilhali msukumo wa boti iliyosimama ungeongezeka kwa asilimia kama 13. Faida hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo inayoivusha boti kutoka hali ya kulima maji hadi hali ya kuteleza juu yake. Lakini injini ndogo ya viharusi viwili hutoa nguvu yake kubwa katika mizunguko ya juu, na ikishushwa mno hupungukiwa, hupata joto, na mwako wake huja mapema kuliko inavyofaa. Dalili ya mwako wa mapema ni sauti kavu ya kuchatachata kama ya mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na tone la maji, na baada yake plagi huungua waya. Fundi anayeisikia sauti hiyo anaweza kuongeza gasketi nyembamba chini ya kichwa cha silinda ili mgandamizo upungue, au kutumia mafuta yenye kiasi kidogo zaidi cha nitromethani, kemikali inayochanganywa na methanoli, ingawa mara nyingi dawa ya haki ni kurudi kwenye rafadha ndogo kidogo.

Jambo lingine linalowasumbua wengi ni upande ambao rafadha hutazama. Injini ikifungwa na mhimili wake ukaelekea nyuma, rafadha ya kawaida ikizungushwa kwa mwelekeo wa kawaida itairudisha boti nyuma, na kuigeuza rafadha uso kwa mgongo hakusaidii, kwa sababu msokoto wa mabapa haubadiliki kwa kugeuzwa. Huhitajika ama rafadha maalumu ya kusukuma, iliyosokotwa kinyume, ama injini inayozunguka kinyume. Injini za Cox zenye vali ya ulimi, yaani kibapa chembamba kinachofunguliwa na kufungwa na shinikizo la hewa yenyewe, zina uwezo wa kuzunguka upande wowote, na kwa hiyo huweza kuwashwa kinyume zikabeba rafadha ya kawaida, mradi uso wake wenye maandishi uelekezwe omo, upande boti inakokwenda.

Rafadha ikishapatikana ni lazima isawazishwe, kwa maana bapa moja likiwa zito kuliko jingine mtikisiko wake hulegeza skrubu, hula beringi, na hufanya mafuta yatoe povu tangini, na injini inayonyonya povu haiwezi kurekebishwa na mtu yeyote. Bapa zito husuguliwa kwa msasa laini mpaka rafadha ikae mlalo bila kuegemea upande wowote.

Ni baada ya hapo tu ndipo sindano huguswa. Sindano ni skrubu yenye ncha kali inayopunguza au kuongeza tundu la mafuta, na umuhimu wake katika injini hizi unatokana na tabia ya methanoli: kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote, ilhali kilo moja ya methanoli hutosheka na kilo 6.4 hivi, kwa hiyo injini hunywa mafuta zaidi ya maradufu. Methanoli pia hufyonza joto jingi inapogeuka mvuke, na ndani yake hubeba mafuta ya kulainisha, ambayo kwa injini hizi ndogo huwa takribani sehemu moja ya tano ya mchanganyiko wote, na sehemu kubwa yake inafaa iwe mafuta ya nyonyo, yanayokamuliwa kutoka mbegu za mbarika, mmea unaoota pia kotekote Afrika Mashariki. Kuibana sindano, basi, ni kuinyima injini kwa wakati mmoja chakula, baridi na kilainishi.

Injini huwashwa sindano ikiwa wazi zaidi ya inavyohitajika, na katika hali hiyo hutoa moshi mwingi na sauti nzito ya kugugumia, kwani mwako hutokea mara moja katika kila mizunguko miwili. Sindano ikifungwa polepole sauti hubadilika, ikawa kali na ya mfululizo, na mizunguko hupanda hadi kileleni. Hapo ndipo anayeanza huachia mkono kwa furaha, na hapo ndipo anapoiharibu injini, kwa sababu kilele ni ukingo wa hatari. Sindano hufunguliwa tena kwa takribani sehemu moja ya nane ya mzunguko, hadi sauti ishuke kidogo. Kisha mpira wa mafuta, kwa injini yenye tangi la nje, hubanwa kwa vidole kwa nukta moja. Mizunguko ikipanda kidogo, mchanganyiko una akiba ya mafuta, na ikishuka papo hapo, sindano imebanwa mno.

Warushaji wa ndege za mfano huacha akiba hiyo kwa kuwa ndege ikishapaa rafadha hupata nafuu, mizunguko hupanda, na mchanganyiko huwa mwepesi, yaani wenye mafuta kidogo. Boti haipati nafuu kubwa kama hiyo, na wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo sindano yake inaweza kubanwa zaidi. Dhana hiyo si sahihi. Boti huenda polepole, na injini iliyofungwa mbele ya rafadha ya kusukuma hupozwa na hewa inayovutwa tu, iliyo dhaifu kuliko inayopulizwa, hivyo boti huhitaji mafuta mengi kwa ajili ya baridi. Zaidi ya hayo, katika injini kama Babe Bee, ambayo tangi lake limeunganishwa nyuma ya injini na haina kidhibiti cha kasi, mchanganyiko huwa mwepesi kadiri mafuta yanavyopungua, kwa hiyo injini iliyorekebishwa vizuri mwanzoni mwa tangi lazima isikike kama imezidishiwa mafuta. Mahali napo pana neno lake: uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito mdogo kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, kwa hiyo sindano iliyopangwa Tanga itahitaji kufungwa kidogo ikifika Mwanza.

Hata injini iliyorekebishwa kwa ustadi huweza kuonekana mbovu ikiwa nguzo yake ni ndefu mno, kwani msukumo unaotoka juu, ukikutana na ukinzani wa maji ulio chini, huiinamisha omo ya boti majini. Kipenyo kikubwa hudai nguzo ndefu, na nguzo ndefu huongeza kuinama huko, kwa hiyo muundaji hana budi kuusogeza uzito nyuma, au kuiinamisha injini kwa nyuzi chache ili msukumo uelekee chini kidogo, na wakati mwingine kukubali rafadha ndogo kuliko ile ambayo injini ingeipenda.

Mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana, na kuinywa huleta upofu na kifo. Kwa hiyo chupa yake iandikwe jina, ifungwe barabara ili isinyonye unyevu wa hewa, na ihifadhiwe mbali na watoto, na anayerekebisha sindano asimame daima nje ya mstari wa mzunguko wa rafadha, vidole vyake vikiifikia sindano kutoka upande usio na mabapa.