Nyuzi Zipimazo Nyuzi: Kioo na Joto Kali Kisii na Nyamira

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo sayansi imevikutanisha. Nyuzi ni za kushonea. Nyuzi pia ni vipimo vya joto, ndiyo maana husemwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Siku hizi joto la mahali pasipofikika hupimwa kwa uzi wa kioo. Makala haya yanafafanua jinsi uzi huo unavyofanya kazi, kwa kurejelea sehemu mbili za Gusii ambako moto ni riziki: tanuri la matofali na kiwanda cha chai.

Mchoma matofali wa Kisii hupanga matofali mabichi yaliyokwisha kukauka, akaacha vichuguu vya kutilia kuni, kisha akakandika tope nje ili joto lisitoroke. Udongo huiva vyema baina ya nyuzi 900 na 1,000. Kipimajoto cha zebaki hakifai humo, kwa kuwa zebaki yenyewe huchemka kwa nyuzi 357. Basi jicho ndilo kipimo: wekundu uliofifia ni dalili ya nyuzi 600 au 700, na rangi ya machungwa huashiria kuwa 1,000 imekaribia. Ustadi huu si wa kubezwa. Hata hivyo, jicho huona mdomo wa moto tu, si kiini cha rundo. Maji yaliyojificha udongoni yakigeuka mvuke kwa ghafla, tofali hupasuka. Hali kadhalika, kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga hubadili umbo, na joto likipanda au kushuka hapo kwa pupa nyufa huzuka. Aliyetarajia kulipa karo kwa matofali hayo huijua hasara tanuri linapobomolewa, kuni zikiwa zimekwisha kuwa majivu.

Katika viwanda vya chai vya Nyamira, kama vile Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo, joto si kali kiasi hicho, ila linadai uangalifu zaidi. Majani yaliyosagwa huachwa yageuke rangi katika joto lisilozidi nyuzi 30 hivi, kisha hukaushwa kwa hewa inayopita nyuzi 100 hadi unyevu ubakie takriban asilimia 3. Moto ukizidi, chai hunuka kuungua. Ukipungua, huvunda ikiwa ghalani. Mnunuzi katika mnada wa Mombasa huionja kabla ya kutaja bei, na bei hiyo ndiyo inayomrudia mkulima.

Uzi wa kioo una unene wa milimita 0.125, karibu sawa na unywele. Una kiini na tabaka la kukizunguka, na mwanga uingiao kiinini hurudishwa ndani kila unapoligusa tabaka hilo. Ni wa jamii moja na nyuzi ziletazo intaneti katika miji ya Kisii na Nyamira. Ili upime joto, kiini chake huweza kuchorwa mistari midogo mno inayorudisha rangi moja tu ya mwanga. Uzi upatapo joto, rangi hiyo husogea: kwa mwanga utumikao sana katika mawasiliano, urefu wa wimbi huongezeka kwa takriban sehemu moja ya mia ya nanomita kwa kila nyuzi moja. Njia nyingine haihitaji mistari. Leza hutuma mmweko, na chembe za kioo zinazotetemeka kwa joto hurudisha sehemu ndogo ya mwanga ikiwa imebadilika rangi. Kiasi cha mwanga uliobadilika hivyo hueleza joto. Muda wa kurudi hueleza mahali. Uzi mmoja hivyo huwa maelfu ya vipimajoto.

Udhaifu wake uko kwenye vazi. Plastiki ya kawaida inayoufunika uzi huanza kuharibika kabla ya nyuzi 100. Mipako maalumu huvumilia 300, na ya dhahabu hukaribia 700. Kwa tanuri lenye joto zaidi hutumiwa uzi wa yakuti, jiwe linaloyeyuka kwenye nyuzi 2,050 hivi. Aidha, katika visima vya mvuke hidrojeni hupenya kiooni na kuufifiza mwanga.

Je, mchoma matofali wa Kisii aununue? La. Mashine ya kuusoma ni ghali mno, ilhali nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani hupima hadi nyuzi 1,200 kwa gharama ndogo. Uzi wa kioo hustahili gharama yake ndani ya transfoma, ambako umeme huvuruga vipimo vya metali, au katika visima virefu kama vile vya Olkaria, ambako joto hupita nyuzi 300. Katika tanuri la Kisii, jozi mbili tatu za nyaya hizo zikipenyezwa katikati ya rundo kabla ya kukandika tope, mchomaji atajua usiku huohuo kama kiini kimeiva, na kama kuni zilizosalia aziongeze au aziache.