MGENI RASMI KATIKA NYUMBA YA IBADA

Ngaramtoni ni mji mdogo kando ya barabara kuu iendayo Namanga, mwendo wa kilomita 12 hivi kutoka Arusha mjini, penye miteremko ya Mlima Meru. Soko lake hujaa siku mbili katika juma, Alhamisi na Jumapili. Kwa hiyo Jumapili asubuhi njia ile ile huchukua watu wenye mikungu ya ndizi na magunia ya maharage, na watu wenye Biblia na vitabu vya nyimbo. Na mara nyingi ni watu wale wale, kwani aliyesali ibada ya kwanza huonekana baadaye akipima viazi kwa debe.

Mwanasiasa atakaye kusikilizwa siku hiyo ana mahali pawili pa kusimama. Akisimama sokoni hana budi kushindana na wauza mitumba, wapiga debe na mbuzi. Mama muuza ndizi akiona maneno ni matupu humpa mgongo akaendelea na wateja wake. Kijana humwuliza kwa sauti kuu, barabara uliyotuahidi iko wapi? Lakini akisimama kanisani, husimama mbele ya watu walionyamaza. Wamekaa safu kwa safu, wamekwisha kuungama dhambi zao, na mchungaji amekwisha kuwaambia kwamba huyu ni mgeni wao mpendwa. Hapo hakuna awezaye kuinuka na kusema, "Ndugu, hilo si kweli." Atakayethubutu hatahesabiwa kuwa amempinga mwanasiasa; atahesabiwa kuwa ameivunja ibada.

Tofauti hiyo ndiyo tutakayo kuizungumza leo, na twaitaja kanisa kwa sababu ndilo lililo jirani; msikiti nao haukosi wageni wa namna hiyo.

Watu wengi husema, "Tusichanganye dini na siasa." Usemi huu hauna mwenyewe; kila mtu huukumbuka siku ile asemaye anapokuwa mpinzani wake, na kuusahau siku asemaye anapokuwa rafiki yake. Sisi hatuukubali kama ulivyo. Kwa mtu wa mlima huu siasa ni shamba, ni mfereji wa maji, ni bei ya kahawa, ni dawa katika zahanati. Mwezi Novemba 1951, Serikali ya kikoloni ilipowafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili nchi yao wapewe walowezi wa Kizungu, nyumba zao zikatiwa moto. Je, mhubiri wa Jumapili iliyofuata alipaswa kuhubiri habari gani? Angelinyamaza, kunyamaza kwake kungalikuwa siasa, tena siasa ya upande mmoja.

Wenye shule na makanisa wa siku zile walijua jambo hilo, wakaliogopa. Machi 1955, Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, alikuwa angali mwalimu katika shule ya misheni ya Pugu. Ilimpasa kuchagua: ama kufundisha, ama kuongoza TANU. Akaacha kazi ya mshahara. Haikupita miaka mingi, Oktoba 1970, watawa wa shirika la Maryknoll walimwalika New York azungumze nao juu ya Kanisa na jamii. Akawaambia, kwa maneno yaliyowastua wengi, kwamba Kanisa lisipoungana na maskini katika kuupinga utaratibu unaowafanya wawe maskini, watu wataliona kuwa halina maana kwao. Hiyo ilikuwa siasa tupu, nayo ilisemwa mbele ya watawa. Lakini tuangalie: Nyerere hakuomba kitu. Watawa wale hawakuwa na kura ya kumpa.

Mfano mwingine upo Nairobi. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama waliofungiwa watoto wao kwa sababu za kisiasa waliketi katika bustani ya Uhuru Park, pamoja nao Wangari Maathai, wakafunga kula na kudai watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwafukuza kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Mama wengine, watu wazima wenye wajukuu, wakavua nguo mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila za kwao ni laana kubwa. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Waanglikana, liko jirani na bustani ile. Likawafungulia mlango. Wakakaa humo, katika chumba cha chini ya kanisa, muda wa karibu mwaka mzima, wakisali, wakisimulia habari za mateso ya wafungwa, huku askari wakizunguka nje. Na mwaka 1993 wengi wa wafungwa wale waliachiliwa. Miaka mitano tangu mlango ule ufunguliwe, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia katika kanisa lile lile wakawapiga watu waliokimbilia humo siku ya maandamano ya kudai mageuzi ya katiba.

Hapo nyumba ya ibada ilimkaribisha msemaji asiyetakiwa na wakubwa, na gharama yake ikalipwa na nyumba yenyewe. Hatudhani kwamba yupo mfanya kazi atakayesema kanisa lile lilikosea.

Sasa tuitazame harambee, ambayo ni jambo la namna nyingine kabisa, ingawa nayo hufanyika chini ya paa lile lile.

Mwenendo wake twaujua sote. Usharika wataka kumaliza ukumbi, au kununua vyombo vya kwaya, au bati. Michango ya waumini haitoshi, kwani mwenye ekari moja ya migomba na kibarua wa shamba la kahawa wametoa walichokuwa nacho. Mtu mmoja wa kamati asema anamfahamu mheshimiwa fulani. Barua yaandikwa. Mheshimiwa akubali kuwa mgeni rasmi, naye haji peke yake: huja na marafiki, na kila rafiki na bahasha yake. Bahasha zatajwa kwa kipaza sauti, jina na kiasi. Kwaya yaimba, na mara nyingine jina la mgeni limekwisha kutiwa katika wimbo. Kisha mgeni "asalimia" waumini. Salamu hizo huwa ndefu kuliko mahubiri. Nyumbani, watu watakaloliongea ni mamilioni yale, wala si fungu la Maandiko lililosomwa.

Katika mkoa wetu wa Arusha habari hizi haziwezi kusimuliwa bila ya kumtaja marehemu Edward Lowassa, mtu wa Monduli na Mlutheri, aliyejiuzulu Uwaziri Mkuu Februari 2008 kwa ajili ya kashfa ya Richmond. Katika miaka iliyofuata alikuwa mgeni rasmi wa harambee nyingi, makanisani na misikitini, katika mikoa mbalimbali. Tuseme haki: fedha zile zilijenga majengo ambayo watu wanayatumia, na wala hakuwa peke yake katika desturi hiyo; yeye aliifanya kwa bidii tu kuliko wenziwe. Februari 2014 Chama cha Mapinduzi kiliwapa onyo kali wanachama wake sita, yeye akiwa mmoja wao, kwa kuanza kampeni za urais kabla ya wakati. Julai 2015 akahamia CHADEMA. Na Septemba ya mwaka huo, akiwa mgombea urais, alisimama katika kanisa la Kilutheri mjini Tabora, akawaomba waumini wamwombee, kwa kuwa nchi haijapata kuwa na rais Mlutheri.

Maneno yale yaliwaudhi watu wengi, na maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni katika nyumba za ibada. Lakini yatupasa kuuliza swali moja zaidi. Je, yalitoka wapi? Mtu aliyepokewa madhabahuni kwa miaka kadhaa kama mfadhili, akapigiwa makofi, akaimbiwa, ataambiwaje siku moja kwamba mahali pale si pake? Wazee waliompokea walikuwa wamekwisha kumfundisha kwamba ni pake. Kosa la Tabora lilichukua dakika chache, lakini liliandaliwa kwa muda mrefu na kamati nyingi za ujenzi.

Kirilo Japhet alipokwenda New York mwaka 1952 kuwasemea Wameru mbele ya Baraza la Udhamini, Wameru ndio waliochanga. Fedha ilitoka kwa wananchi kwenda kwa msemaji, na kwa hiyo aliporudi ilimpasa kuwatolea hesabu. Katika harambee fedha hutoka kwa msemaji kwenda kwa wananchi, nao ndio wanaobaki na deni. Mkulima ana njia nyingi za kulipa deni, lakini mheshimiwa anaitaka moja tu.

Wenzetu wa Kenya, ambao ndio walioizoea harambee mno, wamejaribu kulikata jambo hili. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Butere, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu mwanamke wa kwanza mwenye dayosisi katika Kanisa la Anglikana la nchi ile, Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwapo. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit hakuwapa kipaza sauti. Alisema kwamba viti vya kanisa ni vya watu wote, bali mimbari ni ya wahudumu wake. Waheshimiwa wakaketi, wakasali kama wengine, wakaondoka. Siku chache baadaye maaskofu Wakatoliki wakatoa neno kama hilo. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha alizozitoa Rais William Ruto katika kanisa moja la Kikatoliki mtaani Soweto: shilingi 600,000 za kwaya na halmashauri ya parokia, na milioni 2 za nyumba ya padre. Ahadi ya milioni 3 nyingine nayo ikakataliwa. Yafaa ikumbukwe kwamba mwezi Juni wa mwaka ule vijana wa Kenya walikuwa wameandamana, na mojawapo ya manung'uniko yao lilikuwa makanisa kugeuzwa majukwaa. Hatudhani maaskofu wangaliuona ubaya wa bahasha upesi hivyo kama vijana wasingalipiga kelele.

Lakini yupo mtu atakayesoma haya akafurahi kwa sababu mbaya. Ni yule atakaye makanisa na misikiti ifunge mdomo. Huyo asitafute msaada kwetu. Viongozi wa Uamsho wa Zanzibar, waliokuwa wakitoa mihadhara juu ya Muungano, walikamatwa Oktoba 2012, wakakaa rumande miaka hata mashtaka yakafutwa Juni 2021. Mwaka 2018 maaskofu wa Kilutheri walipotoa waraka wa Pasaka juu ya hali ya nchi, barua ilitoka katika ofisi ya Serikali kuwataka waukanushe katika siku 10. Ilipofichuka, Waziri aliikana. Juni 2025 usajili wa kanisa la Askofu Josephat Gwajima ulifutwa na milango ikafungwa, baada ya yeye kukemea utekaji wa watu. Na Gwajima alikuwa wakati ule mbunge wa chama kinachotawala. Hatukubaliani na kila neno la hao wote, na baadhi ya maneno yao hatuyapendi hata kidogo. Lakini hatujapata kusikia kwamba kanisa limefutiwa usajili kwa kumsifu kiongozi madhabahuni. Sheria inayomshika mwenye kukemea na kumpita mwenye kusifu ni fimbo ya mtu mmoja.

Basi wazee wa usharika wafanye nini, Ngaramtoni au penginepo, barua ya mheshimiwa ifikapo? Mchungaji mwenyewe aseme juu ya ardhi na maji na watu waliopotea, kwani hiyo ni kazi yake, na waumini watamwona tena Jumapili ijayo wamwulize. Mheshimiwa akitaka kusali, akae palipo nafasi. Akitaka kueleza siasa yake, usharika wenye ukumbi waweza kumwalika siku ya kazi jioni, na mpinzani wake pia, na watu waruhusiwe kuuliza maswali. Na akitaka kusaidia ujenzi, mhazini yupo ofisini Jumatatu asubuhi. Atampokea, atahesabu, na kumwandikia stakabadhi.