Sanamu za Calder Zisukumwe

Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilithubutu kufanya jambo ambalo majumba mengi huliogopa. Liliandaa maonyesho ya Alexander Calder, na kwa saa zilizopangwa wahudumu walizisukuma sanamu zake mbele ya watazamaji. Walifanya vyema. Chukua Small Sphere and Heavy Sphere, kazi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1930: tufe zito la chuma na jingine dogo la mbao yananing'inia kwenye ufito mmoja, na sakafuni kuna chupa, kopo, sanduku na upatu. Ukilisukuma lile zito, dogo huyumba bila kutabirika. Mara ligonge chupa, mara lilipite sanduku chupuchupu, kisha upatu ulie watu wakiwa wameshakata tamaa. Yakitulia, mtazamaji anabaki na vyombo vilivyotapakaa sakafuni. Sanaa yenyewe imo katika kule kugonga na kukosa, na katika kungoja kunakotangulia. Calder aliyajua hayo vizuri. Alisomea uhandisi wa mitambo, na mwaka 1930, alipoitembelea studio ya mchoraji Mondrian mjini Paris, alipendekeza vipande vya rangi vilivyobandikwa ukutani vichezeshwe. Mondrian alikataa.

Wahifadhi wana hoja nzito: nyuzi hukatika, mota kuukuu huungua, rangi hubanduka, na sanamu ya namna hii haina pacha. Lakini kuizuia isisogee miaka mia ni sawa na kuifungia ngoma kabatini ngozi isichakae. Uzi na mota hubadilishwa. Mwendo ukiondolewa hakuna cha kuziba pengo lake. Tena njia ya kati ipo. Katika jumba la makumbusho la Tinguely, msanii wa sanamu za mashine, mjini Basel, lililofunguliwa 1996, mgeni hukanyaga kitufe, mashine ikacheza kwa muda mfupi, kisha ikapumzishwa kabla ya mwingine kuiwasha. Kuchakaa kupo, ila kunapimwa. Wapo wanaosema video inatosha. Kwa sanamu yenye mota inayorudia mzunguko wake, labda. Kwa yale matufe mawili haitoshi hata kidogo, kwa sababu video hurudia mapigo yaleyale, ilhali kila msukumo mpya huyapeleka kwingine. Basi saa za kuzisukuma sanamu zibandikwe mlangoni, kando ya bei ya tiketi.